Mbao Zinazostahimili Moto: Somo la Baraza ya Nje na Kichanja



Katika toleo hili twataka kuzungumza juu ya mbao. Huenda wengine mtasema: jumuiya ya wakulima wa karafuu ina haja gani na mbao? Haja tunayo. Mkulima wa karafuu huanika mali yake nje, siku nne, tano, hata saba, mpaka karafuu ikivunjwa ilie. Katika siku hizo jasho lake la mwaka mzima limelala juani. Wengine wetu huanika juu ya sakafu ya saruji, wengine juu ya majamvi, na wako wanaopenda kuyainua majamvi juu ya kichanja cha mbao ili karafuu ziwe mbali na mchanga, kuku na maji ya mvua ya ghafla. Kichanja ni kitu kizuri. Lakini ni mbao kavu, chini yake hupenya upepo, na juu yake yamelala mafuta, maana karafuu iliyokauka vizuri ina mafuta kama sehemu 15 hadi 20 katika mia.

Tumeulizwa maswali mawili ambayo kwa kweli ni moja. La kwanza latoka kwa wanachama wenye vichanja: ni mbao gani isiyoshika moto? La pili latoka kwa wazee ambao vijana wao wamekwenda kufanya kazi bara, katika mji wa Shinyanga, kata ya Kambarage, na kwenye machimbo ya dhahabu ya Geita. Vijana hao wanajenga, na wanataka mbele ya nyumba wawe na baraza ya mbao iliyoinuliwa kwa nguzo, mahali pa kupumzika jioni jua likiisha ukali. Nao huuliza vivyo hivyo: tununue mbao gani?

Tumeona tuanze na swali la Shinyanga, kisha turudi visiwani. Sababu ni kwamba Shinyanga hujaribu mbao kuliko kwetu. Kwetu mvua haikawii. Kule kiangazi huanza mwezi wa Mei au Juni na huendelea mpaka Oktoba au zaidi, majani hukauka yakawa kama karatasi, na moto wa nyika ni jambo la kila mwaka. Ubao uliokaa miezi mitano katika jua la Shinyanga hauna unyevu wa kuzuia chochote.

Tena watu wa Shinyanga wanajua uchungu wa kukosa miti. Zamani nchi ile ilikuwa na misitu na vichaka. Katika miaka ya 1920 na 1930 vichaka vingi vilikatwa kwa ajili ya kumfukuza mbung'o, na Idara ya Uchunguzi wa Mbung'o ilikuwa na makao yake huko huko Shinyanga. Baadaye mashamba ya pamba yalipanuka, ng'ombe wakazidi, na kuni zikaendelea kukatwa, mpaka wanawake wakawa wanatembea mwendo mrefu kutafuta kuni za kupikia siku moja. Mwaka 1986 ukaanzishwa mpango wa Hifadhi Ardhi Shinyanga, uliojulikana kwa jina la HASHI. Mpango ule haukuleta dawa ya ajabu. Uliwarudisha watu kwenye desturi ya Wasukuma iitwayo ngitili, yaani kulifunga eneo la malisho wakati wa mvua lipumzike, miti ichipue yenyewe kutoka kwenye visiki, kisha mifugo iingizwe wakati wa kiangazi kikali. Mwaka 1986 ngitili zilizohesabiwa zilikuwa kiasi cha hekta 600 tu. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 zilikuwa zimepita hekta 300,000, katika vijiji zaidi ya 800. Twalitaja jambo hili kwa sababu mtu anayenunua ubao Shinyanga bila kujua ulikotoka huenda ananunua jasho la jirani yake.

Sasa tuingie kwenye somo lenyewe.

Hakuna mti usioungua. Yeyote anayekuuzia ubao akakwambia hauungui, muulize kwa nini watu wa kwao hupikia kuni. Swali la haki ni hili: ubao huu utachukua muda gani kushika moto, na ukishika utaliwa upesi kiasi gani? Hapo ndipo mbao zinapotofautiana sana.

Ubao haushiki moto mara moja. Ukipata joto, kwanza hutoa maji yake. Joto likipita nyuzi 200 za sentigredi huanza kutoa mvuke unaowaka, na likikaribia nyuzi 300 uso wa ubao hugeuka makaa. Kile tunachokiona kuwa ubao unawaka, kwa kweli ni mvuke wake unaowaka. Makaa yale ya juu huwa kama blanketi, hulinda kiini kisipate joto upesi. Ndiyo maana gogo nene huweza kukaa jikoni usiku kucha, na kijiti cha kiberiti huisha kabla hujawasha taa.

Wataalamu wa majengo wamepima jambo hili katika matanuri ya majaribio. Mbao nzito huliwa na moto kiasi cha nusu milimita kwa dakika. Mbao laini, kama za msindano, huliwa kiasi cha milimita 0.65 hadi 0.8 kwa dakika. Tofauti yaonekana ndogo, lakini ifanyieni hesabu. Chukua ubao wa inchi moja, yaani milimita 25, wa mti laini, uungue juu na chini kwa dakika 20. Kila upande umepoteza milimita 13 au zaidi, ubao umekwisha. Chukua ubao wa inchi 2, yaani milimita 50, wa mti mzito, kwa muda ule ule. Umepoteza milimita 10 kila upande, na katikati zimebaki milimita 30 za mti mzima unaoweza kumchukua mtu. Dakika 20 hizo ndizo za kuwatoa watoto, kuvuta majamvi, na kuita majirani waje na ndoo.

Kwa hiyo mambo ni mawili, uzito na unene, na la unene watu wengi hulisahau. Fundi hununua mti mzuri wa bei kubwa, kisha akaupasua mbao za inchi moja kasoro ili mwenye nyumba aone amepata nyingi. Hapo ameuharibu. Ubao mnene wa mti wa wastani huushinda ubao mwembamba wa mti bora. Nguzo zisipungue inchi 4 kwa 4, mihimili ya chini inchi 2 kwa 6, na mbao za kukanyagia inchi 2 ikiwezekana, au inchi moja na nusu kama mkono ni mfupi.

Wapo watakaouliza kwa nini tusiweke nguzo za chuma, maana chuma hakiungui. Ni kweli hakiungui, lakini hulainika. Chuma kisichofunikwa kikifika nyuzi 550 au 600 kimepoteza karibu nusu ya nguvu zake, na moto wa kawaida wa nyumba hupita hapo. Mhimili mnene wa mti huliwa polepole kutoka nje, nawe waona. Chuma chembamba chaweza kupinda kwa mara moja.

Uzito wa ubao tutaujuaje? Katika jambo hili sisi wakulima wa karafuu tuna bahati, kwa kuwa mizani tunayo, na tunajua vizuri tofauti ya mali mbichi na mali kavu. Kata kipande cha ubao chenye unene wa inchi moja kamili, upana wa inchi 6 na urefu wa futi moja. Kiweke kivulini penye upepo. Kipime kila juma mpaka uzito wake ukome kupungua, hapo kimekauka. Kisha kisome hivi: kikiwa na gramu 530 au karibu na hapo, ubao wako una kilo 450 hivi katika mita moja ya ujazo, nao ni mwepesi. Kikiwa na gramu 755, una kilo 640. Kikifika gramu 885, umefika kilo 750, na huo ndio mpaka wa kuukumbuka.

Mpaka huo wa kilo 750 hatukuutoa hewani. Australia ni nchi inayoungua karibu kila mwaka, na kanuni zao za kujenga katika sehemu za moto wa nyika hutumia uzito huo kuchagua mbao za kujengea nje, kama vile za sakafu ya baraza, mahali ambapo hatari si kubwa mno. Kwa mahali pa hatari kubwa zaidi wametaja miti saba tu kuwa yastahimili moto wa nyika bila kutiwa dawa. Mmoja wa miti hiyo saba ni mkaratusi wa mtoni, ambao wataalamu huuita Eucalyptus camaldulensis. Mti huu si mgeni kwetu. Umepandwa Tanzania katika sehemu nyingi zenye ukame, na hata wapita njia wanaoulaumu kwa kunywa maji wanaujua kwa sura.

Sasa tutazame miti inayopatikana sokoni Shinyanga na Geita, tuipitishe kwenye mizani. Uzito tunaotaja ni wa wastani. Mti mmoja hutofautiana na mwenzake kwa umri na mahali ulipoota, ndiyo maana tunawasihi mpime wenyewe.

Mninga ndio mti unaopendwa kuliko yote. Rangi yake ni nzuri, haupindi, mchwa hawaupendi, na fundi huufurahia kwa kuwa hautesi msumeno. Wengi wataenda moja kwa moja kuuliza mninga. Lakini mninga mkavu huwa na kilo 600 hadi 650 hivi, basi haufiki mpaka wetu. Sisi hatusemi ni mti mbaya. Twasema mninga ni mti wa milango, vitanda na makabati, na mwenye kuuweka mbele ya nyumba kwa kuogopa moto ametoa fedha nyingi kwa ajili ya rangi. Mvule nao ni vivyo hivyo: unadumu katika mvua, lakini uzito wake ni karibu sawa na wa mninga.

Mkola ndio tunaousifu. Wenzetu wa pwani na visiwani msidhani ni mti mpya kwenu. Ni ule ule mbambakofi, ambao wengine huuita mkongo, uliotengenezewa milango na vyombo vya baharini tangu zamani. Uzito wake ni kama kilo 800. Mchwa huuacha, mvua haiuozeshi upesi, na ukikauka hautikisiki. Ila una tabia zake. Vumbi lake huwasha pua na macho, basi fundi ajifunge kitambaa. Huuma msumeno. Na ukilowa hutoa rangi ya manjano inayotia doa nguo nyeupe, kwa hiyo mwenye kichanja asimwage karafuu juu ya mbao tupu za mkola mpya; atandike jamvi kwanza. Tena ni mti unaokua polepole sana. Nchi mbalimbali zilikubaliana mwaka 2022, katika mkutano uliofanyika Panama, kwamba biashara ya kuvusha mipaka ya mbambakofi na mninga wa Afrika iwe chini ya uangalizi wa mkataba wa kimataifa. Biashara ya ndani ya nchi ina sheria zake: mti wa asili haukatwi bila kibali, na ubao hausafiri bila hati ya kusafirishia mazao ya misitu, ambayo wachuuzi huiita TP. Mwulize muuzaji hati hiyo kabla hujatoa fedha. Akianza kukutolea hadithi, nenda kwa mwingine.

Mpingo hupita miti yote. Una kilo 1,200 hivi na huzama majini. Lakini kujengea baraza kwa mpingo ni kama kupikia ubani. Uacheni kwa wachongaji na watengenezaji wa zumari na klarineti.

Mjohoro ni mti ambao watu huudharau kwa kuwa umepandwa kila mahali kwa ajili ya kivuli na kuni. Sisi twauona kuwa ndio mti wa mtu wa kawaida wa Shinyanga. Mti mkongwe una kiini cheusi kizito, mara nyingi kilo 750 hadi 800. Shida yake ni kupata ubao mrefu ulionyooka, na ule weupe wa nje lazima uondolewe maana wadudu huula. Kwa mbao fupi za kukanyagia, zenye kupachikwa juu ya mihimili iliyokaribiana, wafaa sana, wala hukumkatia mtu msitu. Mkwaju nao ni mzito na mgumu kuliko mjohoro, lakini nani mwenye akili atakata mkwaju unaozaa?

Mtundu wa msitu wa miombo una uzito unaokaribia mpaka, kilo 700 hivi, lakini ukiwekwa nje huoza na kuliwa na wadudu mapema. Ubao uliooza huwa kama sufi. Cheche moja hukaa ndani yake ikafuka usiku mzima, na alfajiri ndipo mnaona moshi. Kwa hiyo msitenge jambo la moto na jambo la mchwa. Ubao usiodumu hauwezi kuwa ubao wa moto, hata ukiwa mzito siku ya kununuliwa.

Mkaratusi tumekwisha utaja. Uwe mti wa umri, maana mti mchanga ni mwepesi na hupasuka ukikauka. Na msiupande karibu na nyumba: ubao wake ni mzuri kwa moto, bali majani na magamba yake ni petroli.

Msindano na msanduku, ambazo nyingi hutoka kwenye mashamba makubwa ya kusini kama Sao Hill huko Mufindi, ndizo za bei nafuu katika maduka. Uzito wake ni kilo 400 hadi 500, na msindano una utomvu. Kwa kenchi za paa hazina neno. Kwa baraza ya nje mahali pa moto wa nyika, hapana.

Huko Geita mnunuzi atakutana na jambo jingine. Wachimbaji wadogo hutumia miti mingi kushikilia kuta za mashimo yao, huiita matimba. Kwa hiyo magogo manyofu ya misitu iliyo karibu yana wateja wengi, na yanayobaki kwa mjenzi huwa ni mabichi yaliyokatwa juzi. Msinunue matimba yaliyotolewa shimoni mkidhani mmepata mbao kavu kwa bei rahisi. Yamekaa kwenye unyevu, mengi yameanza kuoza ndani huku nje yakionekana mazima. Gonga kwa nyundo: mti mzima hulia, uliooza hujibu kama mtu aliyefunika mdomo.

Tumefika kwenye jambo ambalo, kwa maoni yetu, linaunguza mabaraza mengi kuliko uchaguzi mbaya wa mti. Ni mafuta. Bara na visiwani, mtu akiogopa mchwa hupaka nguzo oili chafu ya gari, na wengine huchanganya dizeli. Mchwa huenda wakakaa mbali kwa muda, lakini mwenye nyumba ameifanya nguzo yake kuwa utambi. Umenunua mkola wa kilo 800, kisha umeupaka kitu cha kuwakia! Badala yake, usiichimbie nguzo ardhini kabisa. Jenga kisiki cha saruji au mawe kiinuke futi moja na nusu juu ya ardhi, weka juu yake kofia ya bati iliyokunjwa kingo zake chini, kisha simamisha nguzo hapo. Mchwa akipanda lazima ajenge njia yake mahali unapoweza kuiona, na moto wa majani hauigusi nguzo.

Kadhalika jihadharini na mbao na nguzo za rangi ya kijani zilizotiwa dawa ya shaba, kromiamu na aseniki, kama zile za nguzo za umeme na vipande vyake vinavyouzwa. Dawa hiyo huzuia mchwa na kuoza vizuri sana. Lakini nguzo ya namna hiyo ikishika moto huendelea kufuka taratibu hata mwali ukizimwa, mpaka iishe yote. Na majivu yake yana sumu. Msiyatie bustanini, watoto wasiyachezee, wala vipande visitiwe jikoni. Na kichanja cha karafuu kisiwe na ubao huo hata mmoja, maana karafuu ni kitu cha kuliwa.

Ziko pia dawa za chumvi za kuzuia moto, kama boraksi. Nyingi hizo zikipakwa nje huoshwa na mvua, na baada ya masika moja mbili umebaki na ubao mtupu. Mbao za plastiki zinazouzwa siku hizi haziozi, lakini nyingi zikipata joto hulainika na kudondosha matone yanayowaka.

Sasa juu ya kujenga. Watu wengi hufikiri nyumba huunguzwa na ukuta wa moto unaokuja mbio kutoka porini. Mara nyingi sivyo. Huunguzwa na cheche. Mwaka 2018 mji wa Paradise, katika jimbo la California huko Marekani, uliungua. Watu 85 walikufa na majengo zaidi ya 18,000 yakateketea. Nyumba nyingi katika mioto ya namna ile huwashwa na cheche zilizobebwa na upepo, zikaangukia majani makavu kwenye paa, kwenye pembe, na chini ya mabaraza ya mbao. Cheche haiuwashi mkola wa inchi 2. Huwasha takataka zilizokwama kati ya mbao, nazo takataka ndizo zinazouwasha mkola.

Kwa hiyo acheni nafasi kati ya ubao na ubao, kama unene wa penseli, majani yapite yasikwame, na maji yashuke. Chini ya baraza pasiwekwe mkaa, kuni, debe la mafuta ya taa wala magunia. Hatuna haja ya kueleza mara mbili, ijapokuwa twajua ndipo kila mtu anapoweka. Palimwe pawe udongo mtupu au pamwagwe kokoto. Ubavuni pazibwe kwa wavu wa chuma wenye matundu yasiyozidi milimita 3, ili cheche zisiingie. Na la muhimu kuliko yote: baraza isigusane na nyumba kwa mbao. Hatua ya kwanza kutoka ukutani, kiasi cha mita moja na nusu, iwe ya saruji, matofali au mawe, na mbao zianzie hapo. Mtu wa Kambarage asiye na fedha za mkola wa baraza nzima anaweza kuzipunguza kwa njia hii: sehemu ya karibu na nyumba saruji, sehemu ya nje mjohoro mnene. Hiyo itamfaa kuliko baraza nzima ya mninga wa inchi moja iliyopigiliwa ukutani.

Mbao nzito hupasuka zikipigiliwa misumari kavu kavu. Toboeni kwa keekee kwanza, kisha tieni skrubu.

Turudi visiwani. Hatari yetu si moto wa nyika wa Shinyanga, bali ni jiko, sigara na taka zinazochomwa shambani wakati wa kusafisha. Yote yaliyosemwa yafaa hapa, pamoja na nyongeza chache. Boriti za mikoko ni nzito na ngumu, zapita kilo 750 kwa urahisi, na wazee wetu walijengea majumba ya mawe kwa boriti hizo. Lakini mikoko imehifadhiwa na haikatwi bila kibali. Mwenye boriti nzima za nyumba kongwe iliyobomolewa ana hazina. Azipange ziwe mihimili ya kichanja. Mnazi mkongwe usiozaa waweza kutoa mbao nzuri, ila chukueni sehemu ya chini ya shina na upande wa nje tu, ambako mti ni mzito. Kiini cha mnazi ni laini kama sponji na hushika moto upesi. Mkarafuu wenyewe tusiutaje. Sheria hazituruhusu kuukata hivi hivi, wala hatuna nia hiyo.

Kichanja kisimame mbali na jiko, upande unaotoka upepo, ili cheche za jikoni zichukuliwe kwingine. Wakati wa kuanika, makonyo yasirundikwe chini yake. Makonyo makavu yana mafuta, huwaka kwa mlio, na joto lake lapanda moja kwa moja kwenye majamvi. Yatiwe magunia yapelekwe mahali pengine kila jioni. Vumbi la karafuu linalodondoka kati ya mbao lifagiliwe kabla ya kuanika mali mpya, na mbao ziangaliwe kwa kisu: mahali kisu kinapozama bila kulazimishwa, ubao huo ubadilishwe kabla ya vuli. Karibu na kichanja pawe na pipa la maji lililojaa, ndoo mbili ambazo hazitumiki kwa kazi nyingine, na rundo la mchanga. Mwenye kulinda karafuu usiku aonyeshwe vilipo kabla jua halijatua.